Nani alipie misimu miwili ya kwanza?

Wazungumzaji: mkulima wa Teso Kusini, mwenye agroveti mjini Busia, afisa wa kilimo wa kaunti, mchuuzi wa mboga Malaba, na mwandishi wa mazungumzo haya.

MWENYE AGROVETI: Nisingoje kushtakiwa, nianze mwenyewe. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, kaunti hizi za magharibi zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuvamiwa, na hakuna aliyekuwa na jibu. Watu walitia majivu kwenye moyo wa mhindi, wengine mchanga, wengine sabuni ya unga. Walikuja dukani kwangu wamemfungia kiwavi ndani ya kiberiti, wakiuliza, "Daktari, huyu ni nani?" Kilichookoa ugali mwaka ule ni dawa. Leo tumbo limeshiba, dawa imekuwa adui.

MKULIMA: Iliokoa ugali wa nani, daktari? Mimi msimu ule nilipiga, nikarudia, nikarudia tena. Dawa nilinunua kwako, pampu nikakodi kwa jirani, kijana wa kuibeba nikamlipa. Mahindi yalipona, sikatai. Lakini nilipotoa magunia yangu sokoni mwezi wa Agosti, mahindi ya Uganda yalikuwa yamekwisha kuvuka na bei ya gorogoro imeanguka. Nilivuna vizuri nikala hasara. Wewe ulikuwa umelipwa hata kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

MWENYE AGROVETI: Hayo ni mambo ya bei, Mama, si ya dawa.

MKULIMA: Kwangu pesa ya dawa na pesa ya karo zinafungwa kwenye leso moja.

AFISA: Mama amegusa jambo ambalo sisi wa serikali tulichelewa kulikubali: mavuno ni kitu kimoja, mapato ni kingine. Na ushahidi ulitoka hapa hapa Busia. Kati ya mwaka 2000 na 2003, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wa kawaida. Walilinganisha pendekezo kamili la wizara, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, na kipimo kidogo cha mbolea ya kukuzia peke yake: nusu kijiko cha chai kwa kila shimo, mahindi yakifika magotini. Pendekezo letu liliongeza mavuno sana, ila kwa mkulima wa wastani halikulipa. Ile nusu kijiko ndiyo iliyolipa, faida ya wastani ya asilimia 36 kwa msimu. Duflo na Kremer baadaye walipata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee. Sisi tuliendelea kugawa vipeperushi vile vile.

MWENYE AGROVETI: Mbolea si dawa ya wadudu.

AFISA: Si dawa, lakini swali ni lile lile. Kipimo kinacholeta magunia mengi zaidi si lazima kiwe ndicho kinachomwachia mtu pesa. Tukikubali hivyo kwa mbolea, kwa nini dawa ipigwe kwa ratiba ya kalenda badala ya kuhesabu wadudu kwanza? Ninatembelea mashamba. Nakuta mtu anapiga kwa sababu jirani amepiga.

MWENYE AGROVETI: Kwa sababu kiwavi akishaingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii. Ukingoja kuhesabu, umechelewa. Afisa, wewe una mashamba mangapi ya kutembelea?

AFISA: Mengi kuliko mafuta ya pikipiki.

MWENYE AGROVETI: Basi tusidanganyane. Afisa wa ugani wa wakulima wengi hapa ni mimi. Mtu akitoka Amukura na jani lililotoboka, anapita ofisi yenu imefungwa, anakuja kwangu. Nampa ushauri bure, na ushauri huo lazima uishie kwenye chupa, maana nisipouza silipi kodi ya duka. Nimesema wazi. Nani mwingine atasema?

MCHUUZI: Angalau wewe umesema. Mimi nataka kuongea juu ya mboga, kwa sababu naona mnazungumza mahindi tu. Mahindi yanapigwa dawa, yanakaa miezi, yanakauka, yanasagwa. Sukuma wiki inapigwa jioni na mimi naichukua alfajiri. Naijua kwa kuinusa. Nyanya ndiyo zaidi: inakuja na vumbi jeupe limekauka kwenye kikonyo, na wateja wengine wanalipenda vumbi hilo, wanasema nyanya hiyo itakaa siku nyingi kwenye kibanda bila kuoza. Wanaifuta na kanga, wanauma.

AFISA: Lebo ya dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sheria ipo.

MCHUUZI: Lebo gani? Dawa yenyewe imepimwa kwa kifuniko ikatiwa kwenye chupa ya maji. Na nikuambie upande wangu, ili usiseme nawalaumu wakulima tu. Mteja akija Malaba anashika fungu la sukuma, analigeuza, anaangalia chini ya jani. Akiona tundu, analirudisha. Akiona kidukari mmoja, anaita wenzake. Sijawahi kuona mteja akiuliza, "Hii ilipigwa dawa lini?" Kwa hiyo nikienda shambani, nami nachagua lisilo na tundu. Mkulima akiniletea lenye matundu namkata bei, akitaka asitake.

MKULIMA: Mmesikia wenyewe. Huyu dada ndiye anayenifundisha kupiga dawa, kuliko hata daktari.

MCHUUZI: Sikatai, Mama.

AFISA: Ndiyo maana napendelea tuanze na shamba, tujiulize limepangwa vipi, kabla ya kufika kwenye chupa. Kuna mfumo wa vuta-sukuma uliotengenezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu. Harufu yake inamfukuza nondo wa funza wa mabua. Pembeni unazungusha nepia au brakiaria, nondo anavutwa huko na kutaga mayai yake huko. Na chini ya ardhi kuna kazi nyingine, ambayo kwa Busia naiona kubwa zaidi: mizizi ya desmodiamu inaiamsha mbegu ya kiduha, kisha inaizuia kushika mzizi wa mhindi, kwa hiyo inakufa. Wote hapa mnakijua kiduha, wengine mnakiita kayongo. Maua yake ya zambarau yanapendeza kweli, lakini mmea mmoja unamwaga makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Hakuna chupa ya daktari inayomaliza hilo.

MWENYE AGROVETI: Na viwavijeshi?

AFISA: Mwaka 2018 watafiti wa ICIPE walichapisha matokeo ya mashamba ya wakulima Kenya, Uganda na Tanzania. Kwenye vuta-sukuma, idadi ya viwavijeshi kwa kila mmea ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko kwenye mahindi matupu. Bila kupiga dawa. Ukiongeza lishe ya ng'ombe unayokata, na nitrojeni inayobaki udongoni, una mavuno, una mapato, na pampu inapumzika.

MWENYE AGROVETI: Nimeusikia mfumo huu tangu nikiwa shule. Ulianza miaka ya tisini. Sasa niulize kama mfanyabiashara: bidhaa nzuri kiasi hicho, ambayo mafunzo yake yanatolewa bure miaka yote hii, mbona ukipanda boda kutoka hapa hadi Adungosi mashamba mengi ni mahindi na maharagwe tu? Wakulima ni wajinga?

AFISA: Hapana. Sitakubali neno hilo.

MWENYE AGROVETI: Hata mimi silikubali. Ndiyo nauliza.

MKULIMA: Nijibu mimi, kwa sababu nilipanda. Kwanza mbegu. Ni ndogo kama vumbi, bei yake si ya mchezo, na dukani kwako, daktari, haikuwepo. Niliipata kwa kikundi. Pili, msimu wa kwanza desmodiamu inaota polepole kuliko magugu. Unapalilia umeinama, unaitafuta kwa vidole ili usiing'oe. Kibarua hatakusaidia, ataing'oa yote na kudai pesa yake. Ni mimi na binti yangu, Jumamosi hadi Jumamosi. Tatu, maharagwe. Kati ya mistari ya mahindi ndipo maharagwe yangu yalikuwa yakikaa, na maharagwe ndiyo mboga ya nyumba na ndiyo pesa ya Juni, kabla mahindi hayajakauka. Desmodiamu ikachukua nafasi yao. Hatuli desmodiamu. Na ng'ombe sikuwa naye, kwa hiyo majani nilimkatia jirani kwa bei ya urafiki.

AFISA: Siku hizi kuna mpangilio unaoruhusu maharagwe ndani yake.

MKULIMA: Nimeuona. Sijamaliza lakini. La nne ndilo lililoniua. Msimu wa pili kiduha kilipungua kweli, nilikiona kwa macho yangu, mahindi yakawa kijani kama ya watu wa Kitale. Shemeji yangu akaja, akaliangalia shamba, akasema mwaka ujao atalilima mwenyewe. Ardhi ni yake. Mimi nilikuwa nimekodi kwa msimu.

MWENYE AGROVETI: Hilo hamliandiki kwenye vipeperushi.

AFISA: Hatuliandiki.

MKULIMA: Desmodiamu inakaa ardhini miaka. Mkataba wangu unakaa miezi. Chupa ya dawa, daktari, nainunua Aprili na inaniletea matokeo Aprili. Shamba likichukuliwa Agosti, sijaacha kitu humo. Watu wanafikiri tunapenda dawa. Tunapenda kitu tunachoweza kuondoka nacho.

MWANDISHI: Niingilie mara moja tu. Katika mazungumzo ya namna hii nasikia gharama ya chupa ikitajwa hadi shilingi ya mwisho, huku gharama ya kuinama ikiitwa "kilimo hifadhi". Kila mbinu ya kupunguza dawa iliyotajwa hapa, kutembea shambani kuhesabu viwavi, kuitafuta desmodiamu kwenye magugu, imeangukia mgongo mmoja. Afisa, hesabu zenu zinalipa siku ya kazi ya Mama kiasi gani?

AFISA: Watafiti huhesabu nguvu kazi, na matokeo mengi yanaonyesha vuta-sukuma inalipa baada ya misimu ya kwanza kwa sababu palizi inapungua. Ila umesikia neno langu: baada ya. Sina fedha za hiyo "kabla ya".

MWENYE AGROVETI: Na mnafikiri serikali ikipiga marufuku dawa, hiyo "kabla ya" itajilipa? Mwaka 2025 wizara ilitangaza kuondoa makumi ya viuatilifu sokoni na kuwekea vingine masharti. Mimi nilitii, nikarudisha nilichokuwa nacho. Wiki haikwisha, mtu akaniuliza kama nina "ile ya zamani", nikasema hapana, akatabasamu akaenda zake. Mita chache kutoka hapa ni nchi nyingine, yenye bodi yake ya viuatilifu na orodha yake. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa mwaka 2018, malori yanapita vizuri, lakini lita moja ya dawa haihitaji lori. Inavuka njia za panya ndani ya kikapu cha ndizi. Sheria yenu imenifunga mimi mwenye leseni na ukuta wenye cheti, na kumwachia soko yule wa chupa ya maji.

AFISA: Sasa tuwaache na dawa yoyote kwa sababu mpaka unavuja?

MWENYE AGROVETI: Sijasema hivyo.

AFISA: Basi nikukumbushe Bunyala, ndani ya kaunti hii. Furadan ilikuwa punje za kuua wadudu udongoni. Kwenye mashamba ya mpunga ikawa mtego wa ndege. Mtafiti Martin Odino alianza kuyaandika hayo mwaka 2009: korongo wakiwekewa konokono waliotiwa sumu, bata mwitu wakiokotwa kwa mafungu, na nyama ikiuzwa na kuliwa na watu. Mwaka huo huo kampuni iliyoitengeneza ilianza kuinunua tena kutoka madukani Kenya, kwa sababu ya simba waliokuwa wakiuawa nayo kwingineko. Simba ndio waliopigiwa kelele. Aliyekula bata Bunyala hakuhesabiwa.

MWENYE AGROVETI: Na baada ya kuondolewa madukani, utegaji uliisha?

AFISA: Haukuisha.

MWENYE AGROVETI: Umenijibia.

AFISA: Nimejibu kwamba kuondoa chupa peke yake hakutoshi. Hujanisikia nikisema ibaki. Chlorpyrifos, ambayo hapa ilipigwa kwenye kila kitu, Umoja wa Ulaya ulikataa kuiruhusu tena mwaka 2020, kwa hofu ya madhara kwa ubongo wa watoto pia, na mwaka 2025 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm. Mtoto wa Chakol ana ubongo ule ule wa mtoto wa Ulaya.

MCHUUZI: Samahani, afisa. Mtoto wa Ulaya mboga yake inapimwa. Ya kwangu nani anapima? Wakaguzi ninaowaona Malaba wanaangalia karatasi ya mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti ya vyeti. Kwa hiyo kupima wanaweza, wakitaka. Kwa mboga ya kina mama sijaona hata mmoja.

MWENYE AGROVETI: Ngoja, tusifanye kama kila zao ni sawa. Kama mnataka kweli kupunguza dawa Busia, acheni kubishana juu ya mahindi na mrudi kwenye muhogo na mtama. Wazee wa Teso hawakuwa na pampu. Ugali wao ulikuwa wa muhogo na mtama, na mimi nisingekuwa na duka.

MKULIMA: Wazee hao hao waliona muhogo ukikunjamana majani miaka ya tisini, ugonjwa wa mozaiki ukafagia mashamba yote, watu wakala vya kununua. Tuliokolewa na vijiti vya aina mpya, kama Migyera, vilivyovuka kutoka Uganda. Kwa baiskeli, si kwa semina. Sasa kuna michirizi ya kahawia: unaona shina zuri, majani mazuri, unachimba unakuta mzizi umeoza ndani.

AFISA: Lakini ni kweli muhogo hauhitaji pampu. Unahitaji vijiti safi.

MCHUUZI: Na mnunuzi. Muhogo mkavu una bei wakati njaa iko, ukizidi hakuna anayeutazama. Watoto wa mjini wanataka ugali mweupe.

MKULIMA: Niwaambie zao ambalo halikuwahi kukosa mnunuzi kwangu. Tumbaku. Kampuni iliniletea mbegu, mbolea na dawa mlangoni kwa mkopo, na siku ya mauzo ikakata deni lake kabla sijashika noti. Nilipiga dawa kuliko zao lolote maishani mwangu. Nilikata miti ya kukaushia hadi kuni za kupikia zikawa za kununua. Mikono ilikuwa ikinitetemeka usiku baada ya kuchuma majani mabichi. Iliyobaki baada ya deni ilikuwa ndogo. Lakini nilijua nani atanunua. Ndiyo maana nilikaa nayo miaka.

AFISA: Migori waliligusa hilo hilo. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO, WHO na WFP, yalianza na wakulima wa tumbaku kule, yakawapa mbegu ya maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mafunzo, na WFP ikajitokeza kama mnunuzi. Wakulima waliacha tumbaku kwa sababu soko lilikuwepo siku ya kupanda. Mahubiri juu ya afya walikuwa wameyasikia miaka mingi.

MKULIMA: Basi nileteeni hiyo. Nasema mbele yenu wote. Nina nusu ekari ambayo ni yangu kwa jina, mama mkwe alinikatia. Nitapanda vuta-sukuma humo, na pembeni sukuma wiki ambayo sitapiga dawa ndani ya wiki ya kuvuna. Daktari, wewe utanikopesha mbegu ya desmodiamu kama ulivyokuwa ukinikopesha dawa.

MWENYE AGROVETI: Dawa nakukopesha kwa sababu najua utarudi. Ukipanda desmodiamu hurudi.

MKULIMA: Umesema kweli, mwanangu.

MWENYE AGROVETI: Ila nitaweka mbegu dukani, ya majani ya lishe pia. Wafugaji wa maziwa wanaiulizia. Kwa pesa taslimu, si kwa mkopo. Mtu wa kukopesha msimu mzima ni yule mwenye mtaji wa kungoja. Wale wa One Acre Fund walianza Bungoma mwaka 2006 kwa kukopesha mbegu na mbolea kwa vikundi. Waulizwe wao, au kaunti.

AFISA: Kaunti itatoa mafunzo. Mbegu naweza kuomba kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha.

MKULIMA: Mvua ya Machi haisomi bajeti. Na wewe, dada? Mboga yangu itakuwa na matundu, sikufichi. Utaichukua kwa bei ya jani zima? Niandikie tu, misimu miwili.

MCHUUZI: Mama, mimi nauza juu ya gunia, chini ya mwavuli. Bei yangu inaamuliwa na mteja wa saa kumi na mbili asubuhi, na siku vitunguu na nyanya za Mbale zikishuka inaamuliwa na watu nisiowajua. Nikikuandikia bei ya misimu miwili, nitailipa na nini?

MKULIMA: Kwa hiyo hutachukua.

MCHUUZI: Nitachukua. Nitawaambia wateja imetoka kwako, haina dawa. Kwa bei ya siku hiyo.

MKULIMA: Bei ya siku hiyo ninayo tayari, dada, bila desmodiamu.